Nani Alimuua Sista Mary?

Haya ni maneno niliyoyasema kwenye kikao chetu cha Jumamosi. Wengi mvua iliwazuia, na mliokuwepo mmeniomba maandishi. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyatamka. Mdogo wangu anayetajwa humu ameyasoma kwanza, na amesema niyaweke.

Mwenyekiti wa kikao, katibu, makamanda wenzangu, na wazee wetu wawili mliokaa pale nyuma mkidhani leo tunajadili katiba: shikamooni.

Zamu ya leo ni yangu, na utaratibu wetu unasema mwenye zamu ndiye anayechagua. Wiki iliyopita tuliletewa kitabu. Kabla yake tuliletewa filamu. Mimi nimekuja na albamu ya hevi metali, na naona nyuso zenu. Kuna kamanda kanidaka pale mlangoni akaniuliza, "Dada, yale makelele?" Ndiyo kaka, yale makelele. Ila najua humu ndani tupo kama sita au saba tunaosikiliza roki kwa hedifoni, kimyakimya, ili majirani wasije kutuombea. Leo naongea hasa na nyinyi. Wengine mnakaribishwa, chai ipo.

Albamu inaitwa Operation: Mindcrime. Bendi ni Queensrÿche, jamaa watano waliotokea Bellevue, mji ulio jirani na Seattle kule Marekani. Ilitoka Mei 1988. Ina nyimbo 15, inachukua kama saa moja, na nyimbo zote 15 ni hadithi moja ya mtu mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wapenzi wa roki mnazijua albamu za namna hiyo. The Who walitoa Tommy mwaka 1969. Pink Floyd wakatoa The Wall mwaka 1979. Iron Maiden walitoa Seventh Son of a Seventh Son mwezi mmoja tu kabla ya hii ninayoizungumzia. Nazipenda zote tatu. Lakini ukinipokonya zote ukasema nibaki na moja, nitabaki na hii ya Queensrÿche. Zamani nilikuwa na sababu moja ya kusema hivyo. Siku hizi nina sababu nyingine kabisa, na hiyo ndiyo iliyonifanya niombe zamu.

Niliipata kwa mjomba. Mjomba wangu alikuwa baharia, na alipoacha meli akarudi Tanga alirudi na vitu viwili: mgongo mbovu na sanduku la kaseti. Kaseti hii ilikuwa imefutika maandishi. Nilikuwa kidato cha tatu, likizo, sina la kufanya. Redio yake ilikuwa inameza kanda, kwa hiyo kila baada ya nyimbo mbili unachomoa kaseti, unairudisha kwa kalamu, unaanza tena. Kiingereza cha kuimbwa kilinipita pembeni. Sikujua kama kuna hadithi. Nilichokishika ni wimbo wa tatu, na nilikishika kwa miaka.

Ngoja kwanza nisimulie hadithi, halafu nirudi kwenye wimbo wa tatu. Kama unachukia kusimuliwa mwisho wa filamu, nenda kachukue chai sasa hivi.

Tunaanzia hospitalini. Unasikia sauti za wodi, daktari anaitwa kwenye kipaza sauti, nesi anaingia na sindano na kumsemesha mgonjwa kwa kejeli. Mgonjwa ni kijana anaitwa Nikki. Hakumbuki kitu. Nesi akishatoka, kumbukumbu zinaanza kurudi moja moja, na kila utakachosikia kuanzia hapo kimetoka kichwani mwake. Shikeni hilo, nitalihitaji baadaye.

Nikki ni kijana wa mtaani, na ni teja. Ana hasira na nchi yake, na hasira yenyewe ina haki. Ni Marekani ya Ronald Reagan. Mwaka 1986 ilikuwa imefichuka kwamba watu wa serikali waliiuzia Iran silaha kwa siri, na fedha nyingine zikapelekwa kwa waasi wa Nikaragua. Mwaka 1987 mhubiri maarufu wa televisheni, Jim Bakker, akajiuzulu kwa kashfa. Kijana asiye na kitu anawasha televisheni, anaona wakubwa wanadanganya kwa tai nzuri, anazima.

Ndipo anapotokea Dokta X. Huyu ana kundi la siri linalosema litaiangusha nchi iliyooza. Anamchukua Nikki, anampa unga, na anamvuruga akili kiasi kwamba akitajiwa neno moja tu, lile "mindcrime," anakuwa mashine. Anakwenda, anaua, anarudi. Anaowaua ni wanasiasa na viongozi wa dini. Akirudi anapata sindano yake.

Kuna sista anaitwa Mary ambaye analetwa kwake na padri mmoja, Father William. Mary zamani alikuwa anauza mwili. Padri akamtoa barabarani, akamvisha mavazi ya kitawa, kisha akawa anamtumia yeye mwenyewe. Padri naye ni mtu wa Dokta X. Nikki na Mary wanaelewana, kwa namna wanavyoelewana watu wawili walioumizwa na watu walewale. Dokta X anaona hatari hapo, anatoa amri: muue huyo mwanamke, na padri pia. Padri anauawa. Kwa Mary mkono wa Nikki unagoma.

Wanakubaliana watoke. Nikki anakwenda kwa Dokta X kumwambia basi, mimi nimeacha. Dokta X hagombani naye. Anamkumbusha tu kwamba yeye ni teja, na sindano anayo nani. Nikki anatoka pale mbio kurudi kwa Mary, na anamkuta amekufa. Hajui nani kamuua. Hana uhakika kama siyo yeye mwenyewe. Anazunguka mitaani akiita jina lake hadi polisi wanamkamata, wanamkuta na bastola, na anaishia kwenye wodi ileile tuliyoanzia.

Sasa turudi kwenye wimbo wa tatu.

Kabla yake kuna kipande kinaitwa Anarchy-X, hakina mwimbaji. Ni ngoma za gwaride, umati wa watu, na magitaa mawili, la Chris DeGarmo na la Michael Wilton, yanapanda pamoja. Kisha inaingia Revolution Calling. Jamani. Scott Rockenfield anapiga dramu kama mtu anayebisha mlango ambao lazima ufunguliwe. Geoff Tate ana sauti ambayo ingeweza kuimba opera, lakini hapa anaanza chini, kama jamaa anayekulalamikia kijiweni, na kidogo kidogo anapanda. Kikifika kiitikio umeshasimama. Kila analolalamikia ni kweli: siasa imeoza, habari zimenunuliwa, wahubiri wanafanya biashara. Hakuna hata mstari mmoja ambao ningeupinga mahakamani.

Nilipoingia chuo, huo ndio ulikuwa mlio wa simu yangu. Nilipojiunga na vijana wa chama niliusikiliza kwenye daladala nikienda kwenye mikutano. Nilikuwa naufunga hapohapo dakika ya mwisho ya wimbo, naurudia. Yaani nilikuwa na albamu ya nyimbo 15 na naishi kwenye mmoja.

Na huo ndio mtego wa albamu hii, ambao bendi iliutega kwa makusudi. Wangeweza kumfanya Dokta X kuwa mjinga, au mwongo wa wazi, na sisi wasikilizaji tungekaa salama pembeni tukimwonea Nikki huruma. Badala yake mwito wake wameupa kiitikio kizuri kuliko vyote kwenye albamu. Unanyanyua ngumi kabla hujajua nani anakuita. Wimbo wa nne, ule wenye jina la albamu, mwito umeshageuka ajira. Wa tano, unaoitwa Speak, Nikki tayari anaongea kama mtu aliyekariri. Zimepita dakika kama kumi na tano tu tangu nesi atoke wodini.

Geoff Tate ameeleza kwenye mahojiano kwamba wazo lilimjia alipokuwa anaishi Montreal, kule Kanada, alikokutana na watu wa mrengo mkali wa waliotaka Quebec ijitenge. Sehemu ya albamu pia ilirekodiwa kule Quebec, studio ya Morin Heights. Kwa hiyo hakukaa chumbani akabuni wanamapinduzi wa katuni. Alikaa nao meza moja akawasikiliza. Ndiyo maana hawadharau.

Nawaambia kwa nini nililazimika kusikiliza hadi mwisho.

Mtoto wa mama yangu mdogo, ambaye tumelala chumba kimoja tangu tukiwa wadogo, alikuwa anashinda kijiweni na boda ya kukodi. Wakati wa kura za maoni kulikuwa na mheshimiwa mtarajiwa mmoja aliyetaka udiwani. Mtu wetu, makamanda, wa upande wetu huuhuu. Sitamtaja, na anayedhani anamjua asinifuate baadaye. Alikuwa anaongea vizuri mno. Alikuwa anawanunulia vijana chakula, anawajazia mafuta, anawaita majembe. Jioni moja akawapa shilingi elfu kumi kila mmoja, waende kwenye kikao cha mwenzake, mwanachama kama yeye, "wakachafue hali ya hewa." Wakaenda. Viti vikaruka, na mama mmoja aliyekuwa amekuja kuuza maandazi tu akapasuliwa kichwa. Mdogo wangu akakamatwa na wenzake watatu. Alikaa mahabusu siku tatu. Yule mheshimiwa, simu iliita haikupokelewa, halafu ikawa haipatikani.

Mimi na mama mdogo ndio tuliofuatilia dhamana. Alipotoka, dogo alikaa kimya kwenye bajaji mpaka karibu na nyumbani, kisha akasema, "Dada, mimi nilijua tunapigania nchi."

Nilishindwa kumjibu, kwa sababu hotuba iliyowapandisha mori wiki ile niliiandika mimi. Yule bwana aliniomba, nikamwandikia kurasa mbili. Niliziandika nikiwa na hedifoni masikioni, na mnajua nilikuwa nasikiliza nini. Kila sentensi ilikuwa ya kweli. Bado naamini ilikuwa ya kweli. Bei ya mbolea ilikuwa ya kweli, mikopo ya wanafunzi ilikuwa ya kweli.

Usiku ule ndipo nilipoiacha albamu iendelee baada ya wimbo wa tatu. Nilikuwa nina umri wa kuelewa maneno, na nilikuwa sina usingizi. Ilipofika The Needle Lies, wimbo wa tisa, ambao ni wa kasi kuliko karibu zote, pale Nikki anapokwenda kusema anaacha, nilikaa kitandani. Magitaa yanakimbia kama mtu anayekimbizwa, na sauti inarudia onyo lilelile. Kwa anayejua arosto mtaani kwake, wimbo ule hauhitaji tafsiri. Lakini mimi sikuwa namfikiria teja. Nilikuwa nafikiria elfu kumi, mafuta ya boda, na kuitwa jembe. Ile pia ni sindano, na mwenye nayo alikuwa mmoja.

Niliporudi chuo tulikuwa kwenye jinai, na nikafanya kitu cha kipuuzi ambacho mwanafunzi wa sheria pekee angekifanya: nikamshtaki Nikki kwa Kanuni ya Adhabu ya kwetu, Sura ya 16. Najua mauaji yametokea Marekani. Niacheni.

Kifungu cha 10 kinasema huwajibiki kwa tendo lililotendeka nje ya utashi wako. Wakili wa Nikki angeanzia hapo: mteja wangu akitajiwa neno, hayupo. Kifungu cha 14 kinahusu ulevi, na kwa kawaida ulevi siyo utetezi, lakini kuna mlango mdogo kama uliyelewa hukujua unachotenda na ulevi wenyewe umesababishwa na mtu mwingine kwa hila bila ridhaa yako. Wakili angejaribu kupita hapo pia. Mwendesha mashtaka angesimama na kuuliza swali moja: mara ya kwanza, nani alimpeleka kwa Dokta X? Na hapo unasikia Revolution Calling tena, na unajua jibu. Alikwenda kwa miguu yake, anaimba.

Kisha kuna kifungu cha 22, nilichokipenda kuliko vyote. Kinasema mkosaji ni yule aliyetenda, na vilevile aliyesaidia, na aliyeshawishi au kumwelekeza mwingine atende. Kwa kifungu hicho Dokta X anasimama kizimbani na Nikki, bega kwa bega. Lakini sikilizeni albamu yote muone kama kuna mahali Dokta X anakamatwa. Hakuna. Baada ya Mary kufa anatoweka tu. Hatajwi kama amekimbia, hatajwi kama anatafutwa. Simu haipatikani.

Nimeangalia kifungu hicho kwa ajili yangu pia. Hotuba yangu haikusema nendeni mkachafue kikao cha mtu. Kisheria nipo salama kabisa. Mama wa maandazi alishonwa nyuzi sita.

Haya, nirudi kwenye muziki kabla wazee hawajaniambia niende kuungama.

Kama mna muda wa wimbo mmoja tu, sikilizeni Suite Sister Mary. Ni wa nane, unazidi dakika kumi, na ndio moyo wa albamu. Mvua inanyesha. Dokta X anatoa amri kwa sauti ya upole kabisa, ya mwigizaji Mwingereza Anthony Valentine, sauti ya mtu anayeagiza chai. Kisha inaingia kwaya, kwa Kilatini, na muziki wa okestra uliopangwa na Michael Kamen. Sauti ya Mary ni ya Pamela Moore, na hapa ndipo mwanamke anapoimba kwa mara ya kwanza kwenye hadithi nzima. Wanajibizana na Tate kama watu wanaogombana na kusali kwa wakati mmoja. Eddie Jackson anashikilia besi chini yao, haendi popote, na ukisikiliza kwa hedifoni utaona kwamba bila yeye wimbo ungeanguka vipande vipande.

Lakini huyo huyo Mary ndiye ugomvi wangu na albamu hii. Barabarani walimnunua, kanisani padri akammiliki, akapelekwa kwa Nikki kama dawa, na mwisho anakufa ili Nikki apate kuimba kwa uchungu. Spreading the Disease inasimulia maisha yake, na inasimuliwa na mwanaume. Ana nusu ya wimbo mmoja wa kujisemea. Dada zangu mliopo hapa, nadhani mnajua vikao ambavyo mambo yanakwenda hivyohivyo, na sisi ndio tunaoandaa chai. Nampenda Pamela Moore kwa sababu kwenye ile nusu wimbo anaimba kama anajua hatapewa nafasi nyingine.

Upande wa pili unaanza kuchoka kidogo baada ya Mary kufa. Breaking the Silence ni wimbo wa kawaida, nisiwadanganye. I Don't Believe in Love ni mzuri, hata waliuteua kuwania tuzo ya Grammy, ila kiitikio chake kinang'aa mno kwa mtu aliyetoka kuona maiti. Vipande vifupi vinavyofuata, Waiting for 22 na My Empty Room, vinarudisha ubaridi, kile cha pili kina saa inayogonga na Nikki peke yake chumbani. Na Eyes of a Stranger, wa mwisho, hapo wanalipa deni lote. Nikki anajitazama kwenye kioo na hamjui anayemwona. Mwishoni vipande vya nyimbo zilizopita vinapita haraka haraka, kama kanda inayorudishwa kwa kalamu, na sentensi ya mwisho ya albamu ni ileile iliyotangulia wodini. Ukiwa umeweka irudie, unaanza upya bila kujua umemaliza.

Wapo mtakaoniambia sauti ya dramu ni ya miaka ya themanini, baridi kama kopo. Ni kweli. Mtaizoea kufika wimbo wa nne.

Jambo moja la kisheria, maana siwezi kujizuia. Mwaka 2012 bendi ilimfukuza Geoff Tate, naye akaenda mahakamani. Kwa muda kukawa na Queensrÿche mbili, kila moja inasema ndiyo halisi. Sisi wa vyama hadithi hiyo hatuhitaji kutafsiriwa. Mwaka 2014 wakapatana nje ya mahakama: wenzake waliobaki wakachukua jina la bendi, na yeye akapewa haki ya pekee ya kuipiga Operation: Mindcrime yote jukwaani kuanzia mwanzo hadi mwisho. Yaani mmoja amebaki na hadithi bila jina, wengine jina bila hadithi. Mimi ningechagua hadithi. Kuna pia sehemu ya pili waliyoitoa mwaka 2006, ambamo Dokta X anaimbwa na Ronnie James Dio mwenyewe. Kwa heshima zote kwa Dio, msianze na hiyo. Inajibu maswali ambayo ya kwanza ilifanya vizuri kuyaacha.

Swali kubwa likiwa ni lile: nani alimuua Mary? Mashabiki wamebishana tangu 1988. Wengine wanasema Dokta X, wengine wanasema Nikki mwenyewe baada ya kutajiwa neno, wengine wanasema Mary alijiua. Mimi kama mtu wa ushahidi nawakumbusha nililowaambia mwanzoni: yote tunayoyajua yametoka kwa shahidi mmoja, mgonjwa, aliyechomwa sindano dakika moja kabla ya kuanza kuongea, na ambaye ni mtuhumiwa. Hakuna hakimu angemtia mtu hatiani kwa ushahidi huo pekee. Ninalo jibu langu, na linategemea anachokiimba kwenye Electric Requiem, wimbo wa kumi, mfupi sana, ambao watu wengi wanaupita. Silisemi leo.

Sasa utaratibu. Msiisikilize kwa kuchanganya nyimbo. Msiruke zile fupi. Msisikilize mkiwa mnachati. Ile kaseti ya mjomba ilishakufa, lakini mwaka jana nilinunua albamu halali kwa fedha ya boomu, kwa hiyo asiniletee mtu flashi hapa. Hakimiliki tutaijadili zamu nyingine. Jumamosi ijayo saa kumi jioni, hapahapa, baada ya kikao tutaipiga yote kwenye spika ya chama, katibu amekubali mradi tufunge madirisha. Umeme ukikatika tutatumia simu yangu.

Mdogo wangu amesema atakuja. Hajawahi kuisikia hata mara moja, anaujua ule wimbo wa tatu tu, kwa sababu ya simu yangu. Kwa hiyo naomba atakayewahi kiti cha karibu na spika amwachie.